Mawe Chini ya Shule

Kabla ya kutoboa mwamba, Maingi Nyamai alikuwa na mazoea ya kuugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Jiwe zima hulia kama sufuria; jiwe lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Asubuhi hiyo, juu ya ukingo wa kware, machimbo ya mawe ya tajiri Mbuthia huko Njiru, kila alipogonga alijibiwa kwa mlio safi. Lilikuwa jiwe zuri, la kijivu, lisilo na mshipa wowote. Siku nyingine angefurahi. Lakini mbele yake, karibu sana hata aliwasikia watoto wakiimba hesabu za kuzidisha, ulisimama ukuta wa shule, na mmoja wa watoto hao alikuwa Ndindi, binti yake.

Aliinuka, akajipangusa magoti, akatazama tena kule alikokuwa akiogopa kutazama. Bikoni, nguzo ya mpaka, ilikuwa imehama.

Mwaka uliopita bikoni ziliwekwa chini kabisa ya mteremko. Kulikuwa na baraza. Bwana Aloo, afisa wa mipango ya ardhi, alitoka mjini na ramani, akaitandaza juu ya boneti ya Land Rover huku wazee wamemzunguka. Alieleza bila haraka kwamba jiji linakua, na kwamba nyumba zinataka mawe, mchanga na kokoto, lakini haifai kila mwenye tingatinga achimbe anapotaka. Kwa hiyo ardhi ingegawanywa: huku mawe, huku watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wakazi wa hapo kuulizwa kitu na mtu aliyevaa tai. Walimwonyesha njia wanazopita, kisima, kanisa, shule. Alitembea nao ukingo mzima, na mafundi wake wakachimbia nguzo fupi za saruji chini ya shule, mbali nayo, upande wa kware. Kina mama walizipaka chokaa ili dereva wa tingatinga asije akasema hakuziona.

Sasa nguzo mojawapo ilikuwa imesimama nyuma ya vyoo vya shule, upande wa pili, na udongo uliozunguka tako lake ulikuwa bado mbichi. Shule nzima ilikuwa imeingia upande wa mawe.

Wanyoike, nyapara wa kware, alimkuta amesimama hapo hapo. Alikuwa mtu mnene mwenye pumzi fupi, asiyependa kupanda mteremko, na kule kupanda kwake tu kulimfanya Maingi ajue jambo ni zito. Aliuliza mbona kompresa ya kutobolea hailii. Maingi naye akauliza nani kahamisha bikoni. Wanyoike alisema zilihamishwa Jumapili, watu wakiwa kanisani, na waliozihamisha ni wale wale waliozipanda, watu wa serikali, kwa ramani mpya. Mengine aliyaeleza kwa upole, kama mtu anayezungumza na ndugu yake. Huko chini walikuwa wamefikia maji, na jiwe limekuwa bovu, linameguka mkononi kama andazi la jana. Mkandarasi aliyekuwa akijenga nyumba upande wa Buruburu alikuwa ameyarudisha malori na mzigo wake. Jiwe zuri lilikuwa huku juu, na lilielekea chini ya shule. Tajiri alitaka safu ya kwanza ya matundu ilipuliwe kabla ya chakula cha mchana, na afisa mwenyewe angekuja kushuhudia.

"Hapa kuna watoto, Wanyoike," Maingi alisema.

"Watatolewa. Mwalimu ameshaambiwa."

"Na ukuta?"

Wanyoike alipangusa shingo kwa leso. "Kama hutaki kuwasha, useme sasa. Matheka ataniwashia."

Matheka, msaidizi wa Maingi, alikuwa karibu nao akikunjua mpira wa kompresa. Alikuwa mtu wa Makadara, baba wa watoto wawili, hodari wa kutoboa lakini asiye na subira. Mwaka uliopita tundu moja lilikuwa limelala bila kulipuka, naye akarudi kulichokonoa mapema. Yeye alitoka na mikwaruzo. Mchonga mawe aliyekuwa nyuma yake alipoteza macho yote mawili. Aliposikia jina lake aliacha mpira, akamsogelea Maingi baada ya nyapara kuteremka.

"Manze Maingi, wera ni wera," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sitaki kukunyang'anya kazi. Lakini nikiambiwa niwashe, nitawasha. Kwangu pia wanakula."

Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa unga wa njano, ambao watu waliupangia foleni tangu alfajiri na bado wakarudi nyumbani na vikapu vitupu. Chumba alicholala Maingi na mkewe Syombua kilikuwa cha kampuni. Chai na maharagwe aliyouza Syombua yalinunuliwa na wafanyakazi wa kware, penye kibanda alichosimamishiwa kwa ruhusa ya nyapara. Hakuna sahani yao hata moja ambayo haikutoka kwenye shimo lile. Akashika kekee ya kompresa, akaielekeza kwenye mwamba, kisha akaiweka chini tena. Alimwambia Matheka anakwenda kwa mwalimu na kwamba asiguse kitu mpaka arudi.

Shule ilikuwa na vyumba vitatu. Wazazi waliijenga kwa mawe ya pembeni, yale yaliyomegeka kona na kukataliwa na wanunuzi, ambayo Mbuthia wa siku zile, akiwa bado anahitaji majirani, aliwaruhusu wachukue. Kina mama waliyabeba mgongoni kwa kamba ya kipajini mwa uso, Jumamosi baada ya Jumamosi. Shule haikusajiliwa kamwe. Mwalimu Teresiah, aliyeianzisha akiwa na darasa moja chini ya mabati ya kanisa, alikwenda ofisi ya elimu akaambiwa alete hati ya ardhi. Alikwenda ofisi ya ardhi akaambiwa alete usajili wa shule. Kwa hiyo hata maziwa ya Nyayo, ya bure kutoka serikalini, yaliyofika kila shule ya Dandora, hapo hayakufika. Watoto walikuwa wakiulizana yana ladha gani.

Mwalimu alitoka nje alipomwona Maingi mlangoni, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Alimsimulia kwamba jana alikwenda kambi ya chifu. Aliketishwa kwenye benchi hadi jua likazidi, kisha chifu akamwambia kwamba katika ramani hapo mahali hakuna shule. Alimwambia chifu kuna watoto ndani yake. Chifu alisema hao watoto watafutiwe nafasi Dandora. Alipouliza watavukaje Kangundo Road na malori haya, wale wadogo, alijibiwa kwamba jambo hilo ni la wazazi.

"Nani atawasha?" aliuliza.

Maingi alitazama viatu vyake. "Nikikataa, atawasha Matheka."

Mwalimu Teresiah alimjua mchonga mawe aliyepofuka. Mtoto wake alikuwa darasa la pili.

"Basi afadhali wewe, Baba Ndindi," alisema. "Nipe nafasi niwatoe watoto wote mpaka kanisani. Usiwashe mpaka unione nimesimama upande ule wa barabara."

Maneno hayo, "afadhali wewe", yalimwelemea zaidi kuliko kama angemtukana. Alirudi kwenye mwamba nayo. Muda wote alipokuwa akitoboa, kompresa ikimtetemesha mifupa na vumbi jeupe likimwingia puani, alikuwa akipanga moyoni jinsi ya kulipua bila kubomoa. Angetoboa matundu mafupi. Angeyaelekeza nje, yasukume jiwe upande wa shimo. Angeweka nusu ya baruti ya kawaida na kuwasha tundu moja moja ili mtikisiko usikusanyike. Jiwe lingetoka kidogo, vipande vichache, lakini tajiri angeona kazi imefanyika, na labda katika siku zitakazopatikana mwalimu angemfikia mtu mkubwa kuliko chifu. Alipumzika mara kwa mara kusikiliza kama watoto bado wanaimba.

Wanyoike alipanda tena katikati ya kazi. Alichungulia tundu la kwanza, akaingiza ufito, akaona jinsi lilivyo fupi. Maingi alingoja agombezwe. Nyapara alitoa ufito, akaupangusa kwa vidole, akasema sawa, na akateremka. Maingi alishangaa, lakini hakuwa na muda wa kushangaa sana.

Bwana Aloo alifika jua likiwa limepanda, na Land Rover ile ile. Alikuwa amekonda tangu baraza la mwaka jana. Alizunguka shule peke yake, akatazama bikoni mpya, akawasalimu kina mama waliokuwa wameanza kukusanyika kwenye kivuli cha darasa, nao wakamwitikia kwa heshima, kwa sababu walimkumbuka kwa wema. Mmoja alimuuliza kama amekuja kurudisha mpaka. Alisema amekuja kuangalia. Maingi alimfuata hadi nyuma ya vyoo.

"Bwana Aloo, mwaka jana ulitembea na sisi hapa."

"Nakumbuka."

"Mpaka uliuweka kule chini."

"Niliuweka palipofaa." Aloo alisukuma udongo mbichi kwa ncha ya kiatu. "Ramani ikafika mezani kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga huku. Wakauliza jiwe zuri liko wapi. Nikawaonyesha. Wakauliza kwa nini nimelifungia chini ya shule. Nikasema shule ilikuwepo kabla. Wakaniomba nambari yake ya usajili."

"Ukasema nini?"

"Haina nambari. Ningesema nini?" Kisha akaongea bila kumtazama. "Weka baruti kidogo uwezavyo. Nakuomba."

Maingi alimwambia ameshapanga hivyo. Akaondoka hapo akiwa na nafuu kidogo. Alijiambia kwamba yule afisa ni mtu, ana moyo, na kwamba watu wawili wenye nia njema, mmoja na kalamu na mwingine na utambi, huenda wakaiokoa shule kwa leo.

Watoto walitolewa wakiwa wamebeba vitabu vichwani, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Kwao ilikuwa kama siku ya matembezi. Wengine walikuwa wakicheka. Ndindi alipopita karibu na baba yake alimpungia mkono, akauliza kama yeye ndiye atakayepiga mlio mkubwa. Alimwambia afuate wenzake. Syombua alifunga kibanda chake, akaenda na kina mama wengine kusimama upande wa pili wa barabara. Kitambaa chekundu kikapandishwa. Matheka akagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, akagonga tena, hadi wachonga mawe wote wakaacha nyundo na kutoka shimoni. Maingi alitazama ng'ambo mpaka akamwona Mwalimu Teresiah amesimama, mkono ameuinua.

Akawasha.

Tundu la kwanza lilitoa mlio mfupi, mzito, kama gunia la mahindi linaloangushwa chini. Jiwe likapasuka na kuinama upande wa shimo, vizuri, kama alivyotaka. La pili likafuata, na la tatu. Hakuna kipande kilichoruka juu. Kila mara aliutazama ukuta wa shule badala ya kuutazama mwamba, na kila mara ukuta ulikuwa umesimama. Tundu la mwisho lilipolia alikuta anauma ulimi.

Vumbi lilichukua muda kushuka. Alitangulia peke yake, kama sheria inavyotaka, akakagua kila tundu kuona hakuna lililolala. Hakuna. Mabati ya shule yalikuwa mahali pake. Alianza kupumua. Akapanda hadi ukutani, akaupitishia mkono kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa, kuanzia kona ya kwanza, na mkono wake ukasimama chini ya dirisha la darasa la tatu.

Ufa ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya dirisha, ukashuka hadi kwenye msingi. Haukuwa mpana. Ungeweza kuingiza ukucha. Alichukua nyundo yake ndogo akagonga upande wa kulia, akagonga upande wa kushoto, na mlio wa chungu kibovu ukamjibu.

Wanyoike na Bwana Aloo walifika pamoja. Afisa aliuangalia ufa, akauliza kama ulikuwepo zamani. Maingi hakutaka kudanganya, alisema haukuwepo. Aloo akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye Land Rover, akafungua mlango wa nyuma, na kutoa kopo la rangi nyekundu na brashi.

Maingi alilitazama kopo lile. Kifuniko chake kilikuwa kimeshafunguliwa na kurudishiwa, na brashi ilikuwa mpya. Halikununuliwa Njiru, hapo hapakuwa na duka la rangi. Lilikuwa limetoka mjini asubuhi pamoja na afisa, kabla ya tundu lolote kuwashwa, kabla ya ufa wowote.

Aloo alichora alama kubwa ya X ukutani. Aliichora vibaya, rangi ikatiririka. Aliifanyia kila chumba, hata vile ambavyo havikuwa na ufa. Alipomaliza alisema kwa sauti ya ofisini kwamba jengo ni la hatari, watoto wasiingie tena, na libomolewe kesho kwa usalama wa umma.

"Ulikuja nayo," Maingi alimwambia.

"Nilipewa nije nayo," Aloo alisema. Aliingia garini, akaketi na mikono yake myekundu magotini, akingoja dereva.

Ni Wanyoike aliyemweleza, gari lilipoondoka, tena bila ubaya. Alikuwa amepata nafuu, na mtu aliyepata nafuu huwa mwepesi wa kusema. Kubomoa shule, hata isiyo na nambari, kungeleta kelele. Mbunge angekuja, labda hata watu wa magazeti. Lakini jengo la hatari halina mtetezi. Mzazi gani atasema mtoto wake akae chini ya ukuta wenye ufa? Tajiri alikuwa ameogopa kwamba Maingi angeweka baruti nyingi, ukuta ukaanguka wote, kampuni ikalaumiwa.

"Umeifanya vizuri kuliko tulivyotarajia," Wanyoike alisema. "Sasa toboa safu ya pili, pale chini ya dirisha. Tukipata mwanga tupige leo leo."

Subira yote ya Maingi ya asubuhi, matundu mafupi, baruti nusu, kila kitu alichofanya ili kuilinda shule ndicho kilichowafaa. Matheka angeiangusha, na anguko lingesemwa. Yeye ameipasua kwa ustadi.

Alifungua mshipi, akatoa ufunguo wa stoo ya baruti uliokuwa umefungwa hapo, akampa nyapara.

Wanyoike hakuupokea mara moja. "Fikiria, Maingi. Chumba ni cha kampuni."

"Najua."

"Na kibanda cha mama."

"Najua."

Nyapara aliuchukua ufunguo, akamwita Matheka. Matheka alikuja akijipangusa mikono kwenye suruali, akamtazama Maingi kama anayeomba ruhusa. Maingi alimwambia jambo moja tu: kwamba tundu likilala, aliache lilale mpaka kesho yake, hata akitukanwa. Matheka alisema amesikia. Akaupokea ufunguo.

Upande wa pili wa barabara habari ya rangi ilikuwa imetangulia. Kina mama walikuwa wameona mikono ya Aloo. Maingi alipofika walimpisha njia bila kumsalimu, na mmoja aliyeishi naye mlango kwa mlango aligeuza uso. Syombua alikuwa amesimama kando yao, Ndindi akiwa amemshika kanga. Alimweleza mkewe kwamba ametoa ufunguo na kwamba kesho watahitaji mahali pa kulala. Alitarajia kilio, au lawama kwamba ameutoa kwa kuchelewa. Syombua alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kibanda chake kule kando ya shimo, akauliza kama sufuria kubwa bado imo ndani. Alisema ataiendea kabla hawajafunga.

Mwalimu Teresiah alimwita pembeni. Wiki ile ile watoto wake wa darasa la saba, ambao aliwaombea nafasi ya kufanyia mtihani katika shule ya Dandora, walikuwa katika marudio ya mwisho. Alitaka kujua jambo moja, na akamwomba asimfariji. Je, ukuta ungeweza kusimama mpaka Ijumaa?

Maingi alijua kwamba jibu lake lingeimaliza shule kuliko rangi ya Aloo. "Kama hawatalipua tena, ungesimama mwaka," alisema. "Wakilipua leo, usimwingize mtoto hata mmoja, Mwalimu. Hata kuchukua kalamu."

Mwalimu alimshukuru. Kisha aliwageukia wazazi akawaeleza, kwa sauti ile ile aliyofundishia, kwamba kesho tingatinga litakuja, na likishakuja mawe yatachanganyika na ya kware, hakuna atakayesema lipi ni la nani. Alisema mchungaji amekubali wayaweke nyuma ya kanisa mpaka wapate pa kujenga tena. Mama mmoja alifungua kamba aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaiweka kipajini. Wengine wakatafuta zao.

Waliingia shuleni wakitokea nyuma, ambako Wanyoike hakuwaona upesi, wakaanza na chumba cha mwisho, kilicho mbali na ufa. Wanaume walipanda juu ya paa wakang'oa mabati. Maingi alishika mtaimbo, akapenya kati ya safu na safu. Udongo uliounganisha mawe ulikuwa mkavu kwa ajili ya ukame, ukaachia kwa urahisi wa kuumiza moyo. Yule mama jirani aliyegeuza uso alisimama mbele yake akageuza mgongo, akamngoja ampakie. Alimpakia. Baada ya hapo watu wakaanza kumsemesha: lete hili, shikilia lile, angalia kichwa.

Wanyoike alipogundua alikuja akitweta na kusema mawe hayo yako katika eneo la mawe, kwa hiyo ni ya kampuni. Hakuna aliyeacha kazi. Alisimama kidogo katikati yao, akapishwa na kina mama waliolemewa, kisha akashuka haraka kuelekea barabarani.

Njia ya kware ilipokutana na Kangundo Road kulikuwa na mti mrefu wa kizuizi, uliopakwa mistari, na karani wa ushuru wa mawe kwenye kibanda cha mabati. Wabebaji wa kwanza walipofika walikuta mti umeshushwa na karani amesimama mbele yake. Mwalimu Teresiah ndiye aliyekuwa ametangulia. Karani, mtu wa adabu aliyenunua chai ya Syombua kila siku, alimwambia kwa masikitiko kwamba kila jiwe linalotoka eneo la mawe linatozwa ushuru. Mwalimu alimweleza haya ni mawe ya shule. Karani alisema mpaka Jumapili, ndiyo. Tangu ramani mpya, na hasa tangu rangi ya mchana, pale juu hakuna shule, kuna kware, na mawe yatokayo kwenye kware ni mawe ya kware.

"Tulipie mawe tuliyoyabeba wenyewe kwenda," Mwalimu aliuliza, "na tulipie tena kuyabeba kurudi?"

"Mimi sikutunga, Mwalimu. Nimeambiwa."

Msururu ulikuwa umerefuka nyuma yao. Maingi, aliyekuwa katikati na jiwe begani, aliona miguu ya kina mama ikitetemeka kwa uzito. Mtu akiliweka jiwe chini hapo, kuliinua tena peke yake hawezi. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa mjini, na huko juu kompresa ilikuwa ikinguruma. Matheka alikuwa kazini; ikinyamaza, baruti itafuata.

Wakati huo lori la Mbuthia likateremka nyuma yao, limejaa mawe ya mchana, yale ya matundu ya Maingi. Lilipiga honi. Watu wakajibana kando. Karani akaukimbilia mti, akauinua, akampungia dereva, na lori likapita bila kusimama wala kuulizwa kitu. Vumbi lilipotulia, karani aliushusha mti kama ulivyokuwa, akakwepa macho ya watu.

Mwalimu Teresiah aliikaza kamba kipajini. Akapiga hatua, akainama mpaka goti likagusa lami iliyomeguka, na jiwe lake likapita chini ya mti likiukwaruza. Akainuka upande wa pili taratibu, akaenda zake. Mama aliyemfuata akainama. Syombua akainama, sufuria yake kubwa mkononi, jiwe mgongoni, na Ndindi akapita karibu naye bila haja ya kuinama.

Karani alikuwa akisema kwamba anawaomba, kwamba wataandikwa, kwamba yeye ndiye atakayeulizwa. Zamu ya Maingi ilipofika, karani alimtambua.

"Wewe si mpiga baruti wa Mbuthia?"

"Nilikuwa," Maingi alisema.

Alikuwa mrefu, na mti ulikuwa chini; ilimbidi apige magoti yote mawili na kulishusha jiwe kifuani. Alipita hivyo, akaliinua tena begani, akavuka barabara hadi nyuma ya kanisa, akaliweka juu ya mengine. Lundo bado lilikuwa dogo. Akageuka, akarudi kwenye mti, akainama, akapanda kuchukua jingine kabla kompresa haijanyamaza.